Sheria Ndogo ya Hodi

Hapo si zamani sana, wala si mbali sana na hapo ulipoketi, palikuwa na nchi ambayo serikali yake iliipenda mno, hata ikawakataza watu kuitaja ovyo. Basi nasi tutaiacha bila jina. Katikati ya nchi hiyo palikuwa na jangwa, na katikati ya jangwa palikuwa na Kikaangoni, mji wetu sisi. Wageni wakituuliza kwa nini babu zetu walijenga pale, hatuna jibu. Yasemekana walisimama kupumzika kidogo, kisha wakaona aibu kuondoka mbele ya wenzao waliosimama kupumzika.

Joto la Kikaangoni halina adabu. Mishumaa dukani kwetu huuzwa kwa kikombe. Lakini hatukuwa watu wa kulalamika, maana kila njia panda palikuwa na kibao cha Baraza la Mji chenye maandishi makubwa ya bluu: MAJI YATATOKA HIVI KARIBUNI. BARABARA ITAJENGWA HIVI KARIBUNI. Tuliposoma tulijisikia vizuri. Wengine walikuwa wakiegesha baiskeli zao chini ya vibao hivyo kwa sababu ya kivuli, na kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Baraza halikutufanyia kitu.

Aliyeandika maneno ya vibao hivyo alikuwa Mwanaheri, karani wa Baraza katika Idara ya Mambo Yasiyo na Idara. Alikuwa msichana aliyesoma chuo, mpole, mwenye huruma hata kwa viti vilivyovunjika, na mwenye sauti ndogo kuliko zote mjini. Huko chuoni aliitika jina lake kila asubuhi, na kila asubuhi aliandikwa hayupo. Siku ya mahafali walimu walimpongeza kwa kufaulu bila kuhudhuria. Baraza lilipomwajiri, lilimpa kazi ya kuandika hotuba za Mstahiki Meya Kilobo, na hivyo maneno ya mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote yakawa yanatoka kila wiki katika kinywa kikubwa kuliko vyote. Yeye ndiye aliyebuni ile "hivi karibuni". Aliona ni vibaya kuwaambia watu hapana.

Nyumbani aliishi na bibi yake, Bi Mwatumu, aliyemlea tangu mdogo. Bi Mwatumu alikuwa na presha, na miguu yake ilivimba kila jua lilipopanda. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba dawa yake ni chumba chenye ubaridi, na vidonge ni nyongeza tu. Bila ubaridi, alimwambia Mwanaheri pembeni, usitegemee atavuka kiangazi hiki.

Bahati nzuri ubaridi ulikuwepo. Mwaka wa uchaguzi serikali ilituletea Viyoyozi vya Ukombozi, kimoja kila nyumba. Vilitoka nchi za mbali, na ilisemekana vilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya samaki. Vilikuwa na ubaridi wa kutosha nyumba moja na kelele ya kutosha wilaya mbili. Tulivipokea kwa vigelegele, na hivyo vilikuwa vigelegele vya mwisho kusikika Kikaangoni.

Maana kabla ya hapo milango yetu ilikuwa mapazia. Mtu alifika, akabisha hodi, akaitikiwa karibu, akaingia. Sasa tulifunga milango na madirisha ili ubaridi usitoroke, mashine zikanguruma, na hodi ikabaki nje na mwenyewe. Wafiwa walikaa ndani wakisikitika kwamba hakuna aliyekuja kuwapa pole, na waliokuja kuwapa pole walisimama nje wakisikitika kwamba wafiwa wana kiburi. Kuna ukoo uliopeleka posa mara tatu kwenye nyumba moja, na kila mara wazee wao walirudi na kilemba chao na sinia lao la vitumbua. Mwisho wakamposea kijana wao jirani wa upande wa pili, ambaye alikuwa nje akianika nguo. Wana watoto sasa.

Tulivumilia yote hayo, kwa kuwa tulikuwa tumepoa. Hadi Mstahiki Meya alipokwenda kuwasalimia wakwe zake.

Alikwenda na joho lake jekundu na mnyororo wake wa dhahabu shingoni. Akabisha hodi. Ndani mashine ikanguruma. Akabisha tena, kwa ile sauti ya jukwaani. Mama mkwe wake alikuwa amelala kwenye kochi umbali wa hatua chache, akiota yuko sehemu zenye mvua. Mstahiki Meya alisimama juani mpaka mnyororo ukapata moto na kumwachia alama ya duara shingoni. Kesho yake tukatangaziwa kwamba kelele za viyoyozi ni adui wa taifa.

*

Kikao cha Baraza kilikaa. Ilikubaliwa kwanza kwamba kelele ni mbaya. Jambo hilo lilichukua asubuhi nzima, kwa kuwa kiyoyozi cha ukumbi kilinguruma na wajumbe hawakusikiana. Kisha likaja swali la namna ya kuipima. Ikakumbukwa kwamba Baraza liliwahi kuagiza kipimo. Kikaletwa. Kilikuwa mzani wa kupimia watu uzito, kwa sababu aliyeagiza aliandika "kipimo cha kelele nzito". Mjumbe mmoja alipendekeza viyoyozi vyote vipandishwe juu yake kimoja kimoja, na hoja yake ilikosa kupita kwa kura chache tu.

Mwanaheri alikuwa kwenye kona yake. Aliwaonea huruma. Aliona jinsi Mstahiki Meya alivyokuwa akijifuta shingo, akakumbuka zile posa na wafiwa, na kabla hajajizuia akasema jambo. Hakuna aliyesikia isipokuwa Bwana Ngwali, mwanasheria wa Baraza, aliyekuwa amekaa karibu naye ili akopeshwe kalamu. Mwanasheria akamnong'oneza Meya, na Meya akainuka akalisema kama lake: zamani mtu alijua kelele imezidi pale hodi isiposikika.

Wajumbe walipiga makofi mpaka feni ikatikisika. Ikatungwa sheria ndogo, na Mwanaheri akaiandika kwa lugha safi aliyofundishwa chuoni: kiyoyozi chochote kitahesabiwa kuwa na kelele, na kitang'olewa na kuwa mali ya Baraza, endapo baada ya hodi tatu mwenyeji hataitikia kwa neno "karibu".

Alipoimaliza alijisikia vizuri sana. Aliona mji wote ukifunguliana milango. Watu wenye huruma wakipewa kalamu huona vitu vya namna hiyo.

Kikosi cha Hodi kilianza kazi Jumatatu, na sisi watu wa Kikaangoni, ambao hatujawahi kuipinga sheria yoyote, tuliitii mara moja kwa njia zetu. Hatukupunguza mngurumo hata kidogo. Tulipunguza umbali. Kila familia ilimweka mtu mmoja nyuma ya mlango, sikio kwenye tundu la ufunguo, kazi yake kuitikia. Wenye familia ndogo walirekodi "karibu, karibu" kwenye simu na kuiacha ikiimba dirishani kutwa. Mtaa wa sokoni ulikuwa na karibu nyingi hata mbuzi wakawa wanaingia nyumba yoyote waliyoitaka.

Hapo ndipo lilipoonekana kosa ambalo watu wa nchi nyingine wasingeweza kulifanya. Ukishamwambia mtu karibu, anaingia. Akishaingia, anakaa. Akishakaa, utamwacha akuangalie tu? Kikosi cha Hodi kilikaribishwa kwenye nyumba ya kwanza, kikapewa chai na mihogo. Nyumba ya pili kikakuta wali. Nyumba ya tatu wakaulizwa kwa nini hawali, wana neno gani na watu wa nyumba hiyo? Wakala. Ilipofika saa nane walikuwa wamejinyoosha kwenye mikeka chini ya kiyoyozi kilekile walichokuja kukikagua, na walipoamka walisema kinalia vizuri. Baada ya mwezi ule mzani ukapata kazi, maana wakaguzi walianza kupimwa.

Wezi nao hawakuchelewa. Walibisha hodi kwa heshima, simu ikawajibu karibu, wakaingia wakachukua walichopenda. Mahakamani hakimu aliuliza kama walikaribishwa. Wakaleta mashahidi. Walikuwa wamekaribishwa mara nyingi mno, tena kwa sauti ya mwenye nyumba mwenyewe. Hakimu aliwaachia, na akamwonya mlalamikaji asiwe mtu wa kukaribisha watu kisha akawasema.

*

Katika mji mzima ilibaki nyumba moja tu iliyovunja sheria, na ndiyo iliyokuwa kimya kuliko zote. Kiyoyozi cha Bi Mwatumu kilikuwa kimechoka. Hakikunguruma, kilikohoa, tena kwa adabu, kama mgeni anayetaka kuomba maji. Hodi ilisikika mpaka uani. Bi Mwatumu aliisikia vizuri, akageukia ukutani, akanyamaza.

Alikuwa na sababu. Miaka iliyopita watu wa Baraza walikuja na rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye jiko lake la uani, kwa kuwa pale pangepita barabara. Wakalibomoa siku hiyohiyo. Barabara haikupita. Bi Mwatumu alipouliza, Mstahiki Meya alikuja mwenyewe, akasimama juu ya kifusi, akamwambia mbele ya majirani kwamba jiko litajengwa upya hivi karibuni. Tangu siku hiyo anapikia kwenye kibaraza, na upepo wa jangwa unamtilia mchanga kwenye mchuzi.

"Lile neno karibu walilichukua pamoja na jiko langu," alikuwa akimwambia Mwanaheri. "Walirudishe, ndipo niwakaribishe. Siwezi kumpa mtu kitu ambacho yeye ndiye anacho."

 Mwanaheri hakuwahi kumwambia nani aliyeiandika ile hotuba ya kwenye kifusi. Ilikuwa hotuba yake ya kwanza, na aliiandika akilia.

Kikosi kilipofika kwenye nyumba hiyo mara ya kwanza, Mwanaheri alikuwa nyuma yao, kwani karani ndiye aliyebeba kopo la rangi. Walibisha, wakasubiri, wakasikia kikohozi cha mashine na kikohozi cha Bi Mwatumu, na cha Bi Mwatumu kilikuwa kikubwa zaidi. Karibu haikutoka. Wakachora X nyekundu kwenye kiyoyozi. Mwanaheri alilishika kopo vizuri lisimwagike. Alisema mawili matatu ya kuitetea nyumba yao, lakini wenzake walidhani anahesabu nyumba.

Jioni alimwomba bibi yake aitikie tu, mara moja, hata kwa mzaha. Alimweleza kuhusu miguu yake, presha yake, maneno ya daktari. Bi Mwatumu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye na mashine hiyo wote ni wazee, wataangaliana ni nani atatangulia, kisha, kwa utani wa bibi na mjukuu, akamuuliza kama mke mwenza wake amekula.

*

Siku ya kung'oa kiyoyozi, Baraza lilikuja lote. Palikuwa na gari, ngazi, spana, bendi ya tarumbeta, na mpiga picha wa televisheni ya taifa, kwa sababu hii ilikuwa nyumba ya kwanza kushindwa na sheria ilihitaji mfano. Majirani walifungua milango kutazama, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu uchaguzi. Jua lilikuwa limesimama utosini. Mstahiki Meya, ndani ya joho lake, alitangaza kwamba kwa kuwa binti Mwanaheri ndiye mtumishi aliyeisaidia sheria hii kidogo kwa kuiandika, atapewa heshima ya kubisha hodi ya mwisho.

Mwanaheri alisogea mlangoni na kopo lake.

"Hodi," alisema.

Mwanasheria Ngwali aliuliza kama tayari ameanza. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, na ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote.

Ndani kitanda kililia. "Nani huyo anayebisha hodi kwa sauti ya mjukuu wangu?"

"Ni mimi, Bibi."

"Jua limekupanda kichwani. Tangu lini mtu akabisha hodi kwao?"

"Bibi, niitikie tu. Nakuomba."

 Kiyoyozi kilikohoa.

"Nikikwambia neno hilo nitakuwa nimekufanya mgeni," alisema Bi Mwatumu, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Humu ndani wewe si mgeni. Pita."

Bwana Ngwali alifunua kitabu chake. Alifikiri sana, akatangaza kwamba neno "pita" halimo katika sheria. Mstahiki Meya akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayepigwa picha, akamwashiria fundi apande ngazi.

Mwanaheri alitazama spana ikipanda. Alitazama kopo mkononi mwake, na ile X, ambayo kwa kweli alikuwa ameishikia rangi mara mbili maishani, mara ya kwanza kwa kalamu. Akaliweka kopo chini. Akafanya lile aliloambiwa: akapita, akafunga mlango, akatia komeo.

Nje palitokea mshangao. Karani wa serikali alikuwa ametoweka mbele ya televisheni. Bwana Ngwali alikimbilia tena kitabu, na akaona kwamba sasa ndani ya nyumba kuna mwenyeji mwingine ambaye hajabishiwa, na kwa hiyo fundi ashuke, hodi zianze upya. Mstahiki Meya alisema atabisha yeye mwenyewe.

Ndani mlikuwa na kiza kizuri na ubaridi. Bi Mwatumu alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya mto. "Mke mwenza," alisema, "umeniletea harusi nje. Haya, wajibu. Mimi neno lenyewe sina."

"Sina sauti, Bibi."

"Sauti unayo. Hasira ndiyo huna."

Hodi ya kwanza ya Meya ilitikisa bati. Mwanaheri alifungua kinywa, pakatoka hewa. Ya pili ilipokuja, alijaribu tena, akasikia kooni mlio kama wa mlango wa kabati. Akamtazama bibi yake, ile miguu iliyonenepa, ule mdomo uliokuwa ukijizuia kucheka. Ni kweli kwamba kwa sauti yake mwenyewe hakuwahi kusikika popote. Lakini kulikuwa na sauti nyingine aliyoijua kila pumzi yake, kwa sababu ndiye aliyeiandikia kila wiki, mpaka pale pa kutulia na pale pa kuinua kidole.

Hodi ya tatu ikaja.

Mwanaheri akaenda katikati ya chumba, akaweka mkono mmoja nyuma, akapanua kifua, na kwa sauti ambayo majirani wa mtaa wa pili wanaapa waliisikia, akasema, "Wananchi wenzangu. Nimepokea hodi yenu kwa uzito unaostahili. Ninapenda kuwahakikishia kwamba mlango huu utafunguliwa," akatulia pale pa kutulia, "hivi karibuni."

Hatukuwa tumecheka pamoja kwa muda mrefu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akichekea kwake mlango umefungwa. Tulianza taratibu, kama watu wanaojaribu viatu vya zamani, kisha tukashindwa kujizuia. Mpiga tarumbeta alicheka ndani ya tarumbeta. Tulijicheka sisi wenyewe zaidi, maana tulitambua kwamba ile ndiyo sauti tuliyokuwa tukiipigia makofi miaka yote, na kumbe ilikuwa ya Mwanaheri.

Bwana Ngwali hakucheka. Alisoma kifungu, akakisoma tena, akafuta miwani. "Mstahiki Meya," alisema mwishowe, "neno limo. Lina kitangulizi na lina mkia, lakini karibu imo ndani yake, na imesikika. Kiyoyozi kimefaulu."

"Na sisi?" aliuliza Mstahiki Meya.

"Sisi tumeahidiwa kufunguliwa."

*

Kuondoka hakukuwezekana. Mtu aliyekwisha kuitikiwa akiondoka bila kuingia, ametukana nyumba, na televisheni ilikuwa bado ipo. Basi Baraza likasubiri. Jua likawapiga. Mwanaheri, ambaye moyo wake haukuwa umebadilika pamoja na sauti, aliwapitishia maji dirishani, akawaomba radhi, akafunga dirisha ubaridi usitoke. Kesho yake wakaja kusubiri tena. Mnyororo ulipoanza kupata moto, Mstahiki Meya aliagiza lijengwe banda dogo la kuwakinga viongozi wakati wakisubiri ahadi itekelezwe.

Palikuwa na mahali pamoja tu patupu, uani, ubavuni mwa nyumba. Likaja tofali, likaja bati. Wakajenga ukuta wa kuzuia upepo, kwa kuwa mchanga uliwaingia wajumbe machoni. Wakaacha tundu la moshi, kwa ajili ya chai yao. Baraza ambalo halikuwahi kumaliza kujenga kitu lilimaliza banda hilo upesi mno, na wakandarasi wa mji wakaogopa.

Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, komeo likafunguka. Bi Mwatumu alitoka akiwa ameegemea bega la Mwanaheri, sufuria mkononi. Aliingia bandani. Akagusa ukuta. Akatazama juu, palipokuwa na tundu la moshi, akatazama sakafu, ambako miaka ile yalikaa mafiga yake.

"Dirisha lingekaa upande ule," alisema.

Wakalihamisha.

Alipika siku hiyohiyo. Harufu ya nazi na bizari ilipotoka, Mstahiki Meya Kilobo alisogea mlangoni mwa jiko, akavua joho, akalikunja kwapani. "Hodi," alisema, kwa sauti ndogo sana. Ingekuwa chuoni angeandikwa hayupo.

Bi Mwatumu alikoroga kidogo, akaonja chumvi. "Karibuni," alisema. "Nawieni mikono kwanza."

Wakaingia wote, nasi tukaingia nyuma yao, kwa kuwa neno lilikuwa la wingi. Mchuzi haukuwa na mchanga hata chembe. Katikati ya kula, mtu mmoja upande wa mlangoni alimuuliza Mstahiki Meya, bila ubaya, maji yatatoka lini. Meya akamkodolea macho karani wake, kama alivyozoea, apewe maneno. Mwanaheri alikuwa akimpakulia bibi yake, hakuinua kichwa. Meya akafungua kinywa. Akamwona Bi Mwatumu ameinua mwiko, anangoja. Akakifunga.

Kilikuwa kimya cha kwanza kusikika Kikaangoni tangu uchaguzi, na tulikisikia wote, hata wale walioacha viyoyozi vyao vikinguruma nyumbani.